Mara Elfu Arobaini na Nne

Kwa sekunde moja, alisema Chilongani,
mashine hii huiuliza sauti mara elfu arobaini na nne:
uko wapi sasa? Na sasa? Na sasa?
Majibu ni moja na sufuri tu,
kama uwele na pumba.

Bibi Sechelela akacheka, akapiga muheme.
Upepo wa Mvumi ukaingia mle mle,
na mbuzi, na kikohozi chake.

Baadaye, ili faili litoshe kwenye simu,
Chilongani alilibana, akatupa
yale ambayo sikio, eti, halitayadai.

Leo nasikiliza. Ngoma ipo, kila pigo.
Narudisha nyuma, naongeza sauti.
Kabla ya pigo la kwanza alivuta pumzi,
nilikuwepo, nilisikia.
Hapo pana sufuri,
safu nzima ya sufuri,
kama shamba la Mvumi mwezi wa tisa.