Kijiko Hakijaambiwa

Saa kumi na moja alfajiri, Manizales imefunikwa ukungu,
na Hersilia yuko jikoni, soksi mbili kila mguu.
Maji, nusu birika.
Maziwa yaliyoenguliwa krimu, tone tu,
ya kutia rangi, kama uongo mdogo.
Kakao chungu, vijiko viwili, vimesawazishwa kwa kisu.
Kijiti cha mdalasini.
Sukari ameipunguza tangu Januari, punje kwa punje,
kama mpangaji anayehama usiku na vyombo vyake.

Kisha upekecho: viganja viwili, mti katikati,
pekecha, pekecha,
mpaka povu lipande likae pale mafuta yalipokuwa.
Hewa, anawaza, haijapata kumnenepesha mtu.

Leovigildo anakunywa. Masharubu yamevaa povu.
Hasemi kitu.
Miaka arobaini na mmoja ya ndoa imemfunza
kupokea kikombe kwa mikono miwili.
Lakini kijiko chake, lo, kijiko hakijaambiwa:
kinazama, kinazunguka, kinapapasa
kipande cha jibini kilichozoea kulala huko chini
kikiyeyuka, kikivutika kama ulimbo.
Kinagonga udongo mtupu. Kinarudi tena.

Hersilia anageukia dirisha,
anahesabu vigae vya paa la jirani.
Anafika kumi na saba, hesabu inampotea.
Anafungua friji,
anakata jibini, ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho,
analidondosha kikombeni bila kumtazama.

"Daktari akiuliza," anasema,
"mwambie lilianguka."