Asilimia Thelathini na Moja

Kashindye aliipakua usiku, kwa bando la shilingi mia tano,
akaiweka kwenye kompyuta ya dirishani bila kuniuliza.
Asubuhi nikakuta ufagio mdogo wa kijani
umesimama pembeni mwa kioo,
na chini yake kitufe: SAFISHA.

"Bonyeza, dada, uone."
Nikabonyeza.
Ufagio ukacheza, ukatimua vumbi la kuchorwa,
na namba ikashuka mbele ya macho yetu
kama maji ya ndoo iliyotoboka:
themanini na saba, sitini, arobaini na nne,
thelathini na moja.
Wateja kwenye benchi wakaguna kwa kuridhika.
Hata mimi, sikatai, nilijisikia nimepumua.

Steshenari yetu ipo Isevya, ubavuni mwa fundi viatu.
Tunachapa barua za kazi, mikataba ya viwanja,
ratiba za arobaini, na msimu wa masoko ukifika
hesabu za vyama vya tumbaku, kurasa mia na ushei.
Mashine ilikuja mtumba, umri wake siujui,
ikiwaka hulia kama nyuki waliochokozwa mzingani.
Ndiyo maana tuliutaka muujiza.

Lakini mimi nililelewa na mama aliyeuza asali kwa mizani;
namba isiyopimwa mara mbili hainiingii.

Nikachukua simu, nikafungua saa ya kuhesabu.
Jedwali la Bwana Kapalata, lile la marobota:
kabla ya kufagia, sekunde kumi na moja.
Nikafagia. Thelathini na moja, kijani, safi.
Nikalifungua tena.
Sekunde kumi na moja zikapita. Ishirini.
Taa ya diski ikapepesa kama jicho lililoingia mchanga.
Bwana Kapalata akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa.
Thelathini na nane.

"Labda haijazoea," akasema Kashindye.

Mara ya pili arobaini. Ya tatu thelathini na saba.

Ndipo nikakumbuka anavyopanga meza.
Kila mteja akitoka, yeye hukusanya vyote,
gundi, pini, mhuri, wino, karatasi za rangi,
huvipeleka stoo ya nyuma, hufunga mlango,
na meza hung'aa, unaweza kuilalia.
Mteja wa pili huomba mhuri.
Kashindye huyo, stoo.
Wa tatu huomba mhuri.
Stoo.
Miguu yake inaijua njia hiyo kuliko macho.

Ufagio ule haukutupa kitu.
Uliyabeba tu yaliyokuwa mkononi
ukayarundika kwenye diski, chumba cha mbali chenye giza,
na nilipoyahitaji, mashine ikavaa viatu.
Nafasi tupu niliyoishangilia
ilikuwa meza tupu: haichapi, haihesabu,
haimjui mteja. Inang'aa.
Na ufagio wenyewe, nilipochungulia,
ulikuwa umevuta kiti, unakula asilimia zake sita.

Nikauondoa.
Nikafunga na madirisha kumi na manne
aliyoyaacha wazi tangu Jumatatu,
mishono ya vitenge, msimamo wa ligi,
nikazikataza programu nne zinazoamka na jogoo bila kuitwa.
Jedwali likafunguka kwa sekunde tisa. Si muujiza.
Nikaagiza Mwanza kipande cha kumbukumbu, nacho mtumba;
fundi anasema kitashuka na treni Jumapili,
kikikosa, Jumatano.

Bwana Kapalata alilipa, akahesabu kurasa zake mara mbili.
Kashindye alinuna hadi adhuhuri.
Kisha nikamwona, duka limetulia,
anakipeleka kishale kwenye ile kona ya kioo
palipokuwa na kitufe,
anabonyeza mara moja, taratibu,
hapana kitu,
halafu ananyanyuka, anauchukua mhuri mezani,
mhuri niliouacha pale makusudi,
anaupeleka stoo.