Tundu Baada ya Sini

Kasha la arobaini na moja, Upanga, saa tano asubuhi.
Umeme umekatika, feni imeganda,
na jasho langu ni adui wa karatasi,
basi najifunga leso pajini mwa uso
na kusoma kwa mbali, mikono nyuma,
kama mtoto aliyekatazwa sahani ya wageni.

Kadi ya Kijerumani, kisha ya Kiingereza, kisha yetu,
zote zimenakili neno lile lile:
Barua ya biashara. Pembe na shanga. Ukurasa mmoja.

Imefungwa kwa kipande cha merikani,
pamba iliyofumwa ng'ambo ya bahari mbili
na watu ambao nao, miaka ile ile,
walikuwa na ndugu walioishilia mbugani
wakiandika makwao: tuko hai, leteni chumvi.
Kitambaa kimedumu. Wino umejitahidi.

Wa baadu, anaanza Mkadamu bin Shaha,
karani wa msafara, kutoka Unyanyembe,
kwa Mwanatumu binti Jongo, Magogoni.
Mvua imetushika. Ndui imechukua wapagazi sita.
Shanga nyekundu hawazitaki tena, wamegeukia za buluu,
na tajiri anasema kosa ni langu.
Deni la Kombo, reale nne, nalikumbuka.
Paa la chumba cha nyuma lisipite masika.
Jicho la kushoto halioni vizuri; mama asijue.

Halafu mstari wa mwisho, peke yake,
kalamu imekandamizwa hadi karatasi ikakwaruzika:
Nami Mwanatumu, nakuomba, usinis

na hapo mdudu amekula.
Sini imebaki na meno yake matatu,
yaliyofuata ni tundu; naona meza.

Usinisubiri.
Usinisahau.
Usinisamehe.
Zote zinaenea. Nimezipima kwa rula.

Bwana Mgonja anapita na funguo zake:
"Jaza tu, dada. Kompyuta haikubali nafasi tupu."
Shangazi Zaituni, aliyenifunza hati hii
kwa kijiti na unga juu ya sinia,
alikuwa akinipiga kidole kwa kukisia.
Herufi ni amana, alisema,
mwenyewe atakuja kuidai.

Kunguru wanagombana dirishani. Umeme unarudi,
unakatika. Nachukua brashi,
na kwa kuwa sina la kuandika
naigeuza barua, nipanguse vumbi la upande wa pili.

Nyuma kuna mkono mwingine.
Si wino, ni mkaa, na herufi zimeinama
kama za mtu anayeandikia gotini:

makuti mia mbili na arobaini
kamba mafungu sita
Feruzi, ujira, nusu reale
boriti moja, ile ya zamani itafaa

Kadi tatu, serikali tatu, na hakuna aliyegeuza.

Yeye alilisoma lile neno likiwa zima.
Akaliweka chini, akahesabu makuti.
Nakaa nayo mpaka karani wa zamu anapogonga mlango,
nikitafuta katika mia mbili na arobaini
kama hilo ni paa la mtu anayengoja
au la mtu aliyechoka tu kulowana.

Kwenye kadi, kwa penseli, naongeza:
Kurasa mbili.