Kitabu cha Wageni, Amani

Bodaboda ya kutoka Muheza iliniacha Sigi
magoti yameganda, suruali imegeuka rangi ya barabara.
Stesheni ya Wajerumani ipo, imepakwa chokaa.
Reli haipo. Kipande kimoja nilikiona njiani
kimekingama mlangoni mwa zizi la mbuzi.

Msichana wa ofisini akanikatia risiti.
"Mzee, njia fupi au ndefu?"
Nikasema ile waliyopita wenye mizigo.
Akacheka: "Hiyo haina bango."
Jina lake Nambua. Buti zimemzidi miguu,
panga analishika kama kalamu.

Tukapanda.
Msitu wa Amani haukukaribishi, unakuvumilia.
Matone yanadondoka na mvua haipo,
hondohondo wanapita juu, mabawa yakikoroma,
kima ananitazama kama karani aliyekosa jina langu orodhani.
Nambua ataja kila mti kwa majina matatu:
la kitaalamu, lililogongomelewa kwenye bati,
la Kiswahili, kwa ajili yangu,
la Kisambaa, kwa ajili ya mti.

Baba alikuwa akianika magome ya kwinini huku.
Uchungu ulimkaa vidoleni, haukutoka kwa sabuni wala kwa ndimu.
Hata tulipohamia Chumbageni, akitumegea tonge,
wali wa mkononi mwake ulikuwa mchungu.
Tulikula. Hatukuugua homa. Tulidhani ndiyo dawa.

Habari za msitu hakutusimulia.
Alisimulia koti.
Koti la kaki, vifungo vitano, kimoja cha mfupa,
alilolisahau msumarini siku walipoambiwa
kazi imekwisha, lori linangoja, pandeni.
Kila kusi ilipovuma, miaka arobaini:
"Lingekuwapo lile koti."
Na mama, akipepeta mchele: "Si ukalifuate?"
Naye hunyamaza
kama mtu aliyetajiwa deni mbele ya wageni.

Tulifika kwenye makaburi ya wazungu.
Mawe yamesimama, majina yamechongwa kwa kina,
ukungu umeingia ndani ya herufi ukazijaza.
Nambua akasukuma majani kwa ncha ya buti.
Nikamuuliza, na wengine?
Akanionyesha kwa kidevu mteremko wa iliki:
"Kule. Babu zangu wawili wapo kule.
Tukipalilia, tunawakwepa."
Hakusema kwa huzuni. Alisema kama anayetaja kisima.

Banda la kukaushia halina tena mlango.
Bati limeliwa, popo wamehamia,
na ukutani, usawa wa bega la mtu mzima,
misumari. Kumi na saba, nilihesabu,
kisha nikahesabu tena kuanzia upande wa pili.
Koti hapana. Kwenye msumari wa tisa
nyigu wamejenga kinyumba cha udongo.
Nilitaka kuvua langu nilitundike,
baridi ikanikatalia.
Nikagusa ukuta, nikalamba kidole,
mtu mzima mwenye wajukuu, nikalamba kidole.
Vumbi. Vumbi tu.
Au labda kidogo, kwa mbali sana.

Tukashuka bila maneno mengi.
Siafu walikata njia mara mbili, tukawapisha.

Ofisini kuna kitabu chenye mistari.
Jina. Utokako. Sababu ya kuja.
Juu yangu mgeni fulani amesifu vipepeo.
Kalamu imefungwa kwa kamba ya katani, fupi,
inakulazimisha kuinama.
Nikaandika: Abedi Semhando.
Utokako: hapa.
Sababu: kufuata koti.

Nambua akasoma kichwa chini miguu juu.
Akatazama risiti yangu, akatazama kitabu.
"Huyu hajalipa kiingilio."
Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa noti.
Akairudisha kwangu kwa kidole kimoja,
taratibu, juu ya meza:

"Wafanyakazi hawalipi."