Jozi

"Zipo," anasema Mahenge wa Mtaa wa Aggrey
bila kuinua macho kwenye daftari la wadaiwa.
"Zipo za elfu tatu, zipo za elfu kumi na mbili.
Sura ni moja. Chagua mwenyewe, usije kunilaumu."

Namimina za elfu tatu kiganjani:
kifua cheusi, miguu mitatu,
maandishi meupe, meupe mno,
kama meno ya mgombea kwenye bango.
Nalowesha kidole kwa mate, nasugua.
Jina la Kijapani linahamia kidoleni.

Nazijua hizi. Mwaka juzi, harusi ya Mbagala Kizuiani,
nilifunga nne ndani ya ampea ya kukodisha.
Bwana harusi hajafika hata kitini,
moshi ukamtangulia.
Koili ya spika ikanuka kama ukoko wa wali,
na somo wa bibi harusi, Bi Mwantumu,
akauliza, bila kuhitaji kipaza sauti:
"Huyu fundi wa redio, au wa mkaa?"

Basi nane za elfu kumi na mbili.
Navuka nazo barabara hadi kwa sonara Devraj,
kwenye mizani ya pete na vipini.
"Leo mahari ya nani?" ananitania.
Saba zinalingana hadi chembe.
Ya nane nyepesi: mgongoni bati
lililopakwa sura ya shaba.
Nairudisha. Mahenge haoni haya wala haapi;
anavuta droo ya chini,
ile ya wanaojua.

Mengine yalikuwa rahisi.
Transfoma ameisuka Mwinjuma wa Gerezani, nzito kama deni.
Mapezi ya alumini ya kupozea
nimeyang'oa kwenye mashine ya kuchomelea iliyokufa.
Kapasita mbili, nene kama makopo ya maziwa,
hizo ndizo simtanki zangu,
maana umeme wa Tandika hauna tofauti na maji yake:
unaweza kuja mwembamba
besi ikiwa katikati ya neno.

Usiku, mtoto amelala, naziita moja moja kwenye mita.
Mia na kumi na mbili. Mia na kumi na nne.
Tisini. Wewe kaa pembeni.
Natafuta wanaofanana,
kwa kuwa kazi hii haifanywi na mmoja:
huyu anasukuma wimbi, yule analivuta,
na pale wanapopokezana, pale kwenye sifuri,
ndipo ukwaruzo unapojificha.
Dawa yake ni moja tu. Wa pili aanze kazi
kidogo kabla wa kwanza hajaacha.
Inakula umeme. Inaleta joto hata wimbo ukinyamaza.
Mafundi bahili huiondoa.

Semeni huingia kutoka zamu ya kiwandani saa kumi na mbili.
Mimi huondoka na robo.
Katika robo hiyo kuna chai, vikombe viwili,
na mtoto asiyejua yuko mapajani pa nani.

Leo ananikuta nimeshika waya.
Nimetanguliza balbu ya wati sitini njiani;
kama kuna shoti, hasira ziishie kwake.
"Ziba macho ya mtoto," nasema, nachomeka.

Balbu inawaka nyeupe,
moyo unaruka hadi Kizuiani,
kisha inafifia: njano, nyekundu,
kaa linalojifunika jivu.
Kapasita zimeshiba. Hakuna anayeiba.
Nagusa mapezi: vuguvugu, kama shavu.
Naweka sikio kwenye spika. Pumzi tu.

Semeni anavua viatu. Hatazami balbu,
anatazama mfuko wa Mahenge mezani.
"Hivyo vidudu umenunua shilingi ngapi kimoja?"

Namtajia bei ya zile zinazofutika.