Idadi Imetimia

Saa kumi alfajiri Nestor aligonga dirisha kwa ukucha wa kidole gumba.
Hakuita. Alijua niko macho.
Jana jioni tuliwaona, bukini,
wakishuka kwenye shayiri iliyovunwa upande wa mashariki,
wakiokota punje zilizosahauliwa na mashine,
na aliyeona jana, leo halali.

Jalidi ilikaa juu ya mabua kama chumvi juu ya ngozi mbichi;
kila hatua ilivunja kitu.
Tuliwasimika bata bandia gizani, taa zikiwa pajini:
sabini na wawili, wengi wameinama kama walao,
wachache wameinua shingo, walinzi,
na mmoja hana kichwa tangu mwaka juzi.
"Huyo mweke katikati," alisema Dwayne,
"kila ukoo una wake."

Kisha kulala chali
chini ya nyavu tulizochomeka mabua,
mgongo ukiinywa baridi ya Saskachewani.
Mushka, jike mweusi, masikio yamemwisha kwa umri na milio ya bunduki,
alitetemeka, wala si kwa baridi.
Nestor akanong'ona lile analonong'ona kila Oktoba:
shamba hili baba yake alililima kwa farasi wawili na deni.
Hatukumjibu.

Bata walitangulia.
Bata hawaji, hutokea:
hewa inachanika kama kitambaa kipya dukani
na tayari wako juu yako, vichwa-kijani wanne,
miguu ya rangi ya chungwa imenyooshwa mbele,
na mimi, mjinga, nikaitazama miguu.
Dwayne akaangusha wawili. Mimi nikapiga mbingu.
"Imekufa?" Nestor aliuliza.

Ndipo kaskazini, mbali,
ukaanza ule mlio usio wa mbwa wala wa lango lenye kutu
ila una vyote viwili ndani yake.
Dwayne hana imani na filimbi.
Hukunja viganja mdomoni
kama bibi yake Mkrii alivyomfunza nyuma ya nyumba,
akawaita, akawabembeleza, akawagombeza kidogo,
na ule mstari ulioandikwa juu kabisa
ukapinda,
ukafutika,
ukajiandika upya juu ya vifua vyetu.
Mabawa yakapinda kama bakuli. Miguu ikashuka.
"Sasa!"

Sitasimulia kila risasi.
Mmoja alianguka kwa kishindo kando ya buti langu,
mzito kama mfuko wa unga.
Nilitia mkono chini ya bawa lake, penye joto,
na ukelele niliokuwa nao kooni ukarudi ulikotoka.
Yule aliyekimbilia mtaroni, Mushka alimfuata;
tulimpigia mbinja, hakusikia,
alirudi kwa sababu kazi ilikwisha.

Saa mbili na dakika kumi Nestor alihesabu, akarudia,
kwa vidole, kwa Kiukreni, kama anavyohesabu pesa:
bukini ishirini na wanne, wanane kwa kila mtu.
Hata mmoja zaidi, sheria imekataa.
Tukatoa risasi bundukini. Tukamimina chai.

Hapo ndipo walipokuja.

Halikuwa kundi, ilikuwa hali ya hewa.
Mwanga ulipungua shambani.
Wakamiminika kati ya vinyago vyetu, mamia kwa mamia,
wakamzunguka asiye na kichwa bila kumshangaa,
wakaanza kula.
Chai ikapoa mikononi. Mushka alikuwa amelala.
Mmoja alisogea hadi miguuni pangu, akageuza shingo,
akaniangalia kwa jicho moja, jeusi, la maji.
Nadhani aliniona.
Akaendelea kuokota shayiri.

Kisha Nestor akapiga chafya
na shamba zima likaruka.

Mchana tuliwanyonyoa kwenye gereji hadi vidole vikafa ganzi.
Olha alikataa manyoya yasiingie jikoni, yakaingia.
Sasa ni Machi, nyama imekwisha zamani,
na asubuhi ya leo, nikivaa buti,
kitu chepesi kilinitekenya kidole cha mguu.