Kiasi

Duka la Fidahusein lina ngazi tatu za kushuka,
feni moja, na leseni ukutani kwenye fremu
kama picha za ndoa.
Ameniwekea vikasha viwili juu ya kioo, kanyamaza.
Anajua mimi ni mtu wa mizani:
miaka ishirini na sita Majengo, nyuma ya kaunta ya dawa,
nahesabu vidonge kwa kisu butu, viwili viwili.

Kikasha cha kwanza: punje mia na kumi na tano.
Punje! Risasi nayo yapimwa kwa punje, kama mchele.
Hii ni nyepesi, basi yaenda mbio,
na mbio zake mlipaji ni kifundo changu cha mkono,
hiki kilichovunjika kwenye ngazi za hospitali
mwaka ule wa mgomo, kikaungwa kwa pini mbili.

Watu hudhani nyepesi ndiyo laini.
Hata mimi. Mwaka mzima nilinunua nyepesi
nikirudi nyumbani natia mkono kwenye beseni la barafu,
mume wangu auliza: leo umepigana na nani?
Na punda. Nimemlisha mwenyewe, kanipa fadhila zake.

Nzito ndiyo ya mkono mbovu.
Punje mia na arobaini na saba, baruti haba,
yatoka bila pupa, kama mama mnene atokaye harusini.
Hairuki kiganjani. Yasukuma tu,
vile mtoto akusukumavyo mlangoni akitaka kupita.
Mtutu wainuka, washuka,
na shabaha ingali pale pale ulipoiacha.

Lakini iliyo laini mno nayo ni balaa.
Jumamosi, uwanjani nyuma ya machimbo, Mwakirunge,
Mwachiro alinikopesha zake za kikasha cha manjano.
Nikafyatua: puf. Kikohozi cha paka.
Bastola ikashindwa kutema ganda,
likakwama mdomoni, nusu ndani nusu nje,
mwiba wa changu kooni,
na saa ya mashindano haimngoji mtu na mwiba wake.
Basharahil wa Tudor akacheka sana.
Yeye risasi zake za kunguruma,
akipiga moja kunguru wote wa jaa wahama,
akipiga ya pili hajui ya kwanza ilitua wapi.

Fidahusein atafuta kalamu ya kuandikia risiti.
Chini ya kitabu cha risiti pana daftari la marehemu babake,
wino umekuwa rangi ya chai:
*viasi hamsini, vimelipwa nusu.*
Viasi?
"Ndivyo walivyoita. Risasi, baruti na ganda lake, pamoja. Kiasi."

Nimeuza dawa umri wangu wote kwa neno hili.
Kiasi cha mtoto, kiasi cha mtu mzima,
usizidishe kiasi, Mama, hata homa ikikaza.
Na mamangu, nilipowajibu wageni kwa ulimi mkali,
alinifinya chini ya meza:
kiasi, Nuru. Kiasi.
Sikujua kwamba siku zote hizo
alikuwa amelishika mkononi neno lenye baruti ndani.

Nikachukua viasi mia mbili, vile vizito.
Nikatia sahihi penye rejista, mara tatu, kama kawaida ya serikali.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa wa tano kati ya tisa.
Matundu mawili yalishikana kwenye karatasi
kama namba nane iliyolala.
Moja likaenda nje kabisa, karibu na msumari,
na hilo sina wa kumlaumu; niliwaza kaimati.
Jioni mume wangu alileta beseni bila kuambiwa.
Nikamwambia alitilie maji ya ndimu,
tunywe.